Kitambaa cha Mnara wa Dawa

Mtambo wa umeme wa gesi ulikuwa ukijaribu njia mbili za kukamata kaboni kabla haijatoka na moshi. Ya kwanza ilikuwa mnara wa dawa: moshi unapanda, dawa ya majimaji inamiminika kutoka juu na kuinyonya kaboni. Ya pili ilikuwa makasha ya chujio, yanayojiendesha yenyewe bila mtu. Moshi wa gesi una kaboni kidogo, na kuikamata ni kama kuokota chumvi kwenye mchanga. Mnara ulikamata sehemu tisini kwa mia, chujio sitini. Ila chujio halikumkohoza mtu kama mvuke wa dawa.

Mlinzi wa mnara alikuwa na binti, mfagizi wa hapohapo mtamboni. Siku hizi akipanda ngazi kumi, anapumzika. Chujio likichaguliwa angerudishwa nyumbani, na alishasema kwamba huko hana kazi ila kuhesabu mabati ya majirani.

Watu wa mnara walikuwa na desturi ya kufunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa juu. Dawa ikivuja, kitambaa kinageuka manjano. Mashine ya kupimia uvujaji ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo wahandisi walikitegemea kitambaa.

Asubuhi ya mkutano wa kuchagua njia moja, baba alishuka nacho kwapani. Kilikuwa na rangi ya kiini cha yai.

"Kifue, mwanangu. Kitakate."

Binti alikuwa na mengi ya kusema. Akauliza tu, "Na kifua chako, baba?"

"Kifua changu hakijaalikwa mkutanoni."

Akakifua mara tatu. Mikono ikabaki inanuka samaki aliyelala. Baba akakipandisha tena, hatua kwa hatua.

Mchana mhandisi mkuu alikishusha, akakigeuzageuza mbele ya wageni, akasema mnara unakamata zaidi na hauvuji. Makasha ya chujio yakapigiliwa misumari tayari kurudishwa yalikotoka. Baba akapandishwa cheo: zamu mbili badala ya moja.

Wenzake walipomtania kwamba sasa amekuwa bosi, alianza kucheka, kikohozi kikamkatiza. Akajifuta mdomo kwa kile kitambaa alichorudishiwa, akakikunja haraka, akampa binti. Kesho kifungwe tena juu, alisema, kikiwa cheupe.

Binti alikikunjua juu ya ndoo. Doa la safari hii halikuwa la manjano.

Akachukua sabuni.