Mistari Miwili ya Kilima cha Zaborze

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Lucjan, na mwenyewe hakatai. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, na kwenye buti la gari lake kulikuwa na keki tano za harusi ya bintiye Jagna, zile za kuokwa juu ya moto wa kuni, ndefu kama mitungi ya gesi na zenye miiba kila upande. Mbele yake, kwenye mpando wa kilima cha Zaborze, jirani yake Gerwazy alikuwa akiendesha trekta lenye tela la nyasi kavu, mwendo wa mtu aliyeitwa polisi. Lucjan alikuwa na haraka. Haraka ya nini, hakuweza kueleza baadaye. Keki zilikuwa zimekwisha kuiva tangu jana yake, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Katikati ya barabara ilichorwa mistari miwili myeupe isiyokatika. Maana yake kila dereva anaijua: hapa usimpite mwenzako. Lucjan akampita mwenzake. Mbele, kwenye kilele, likachomoza lori la maziwa, na hapo likafanyika lile ambalo madereva wa huko wanaliita ustaarabu. Gerwazy akasogeza trekta hadi ukingoni, lori nalo likasogea ukingoni kwake, na Lucjan akapenya katikati. Magari matatu sambamba kwenye barabara ya magari mawili, na hakuna aliyepiga honi. Lucjan aliwasha taa zote nne kushukuru. Gerwazy alijibu kwa taa. Lori lilijibu kwa taa. Asiyekuwa na taa ni mama mkwe wa Lucjan, Bi Leokadia, mwenye miaka sabini na minane, ambaye alikuwa akiendesha baiskeli kwenye ukingo uleule aliousogelea Gerwazy. Yeye alitoa shukrani zake kutoka mtaroni, kwa maneno yasiyoandikika.

Alipokaribia nyumbani Lucjan aliona gari limekuwa zito kidogo. Mistari ilikuwa imeng'oka kwenye lami, imenasa kwenye tairi la nyuma la kushoto, na imemfuata kilomita tatu nzima hadi uani. Alipofungua mlango na kushuka, ilipita kati yake na gari, ikapanda ngazi, ikakata jikoni katikati, ikatoka kwa mlango wa nyuma, ikavuka bustani ya kabichi na kuzama kwenye kinamasi. Huko hakuna aliyekwenda kuitazama.

Mkewe Halszka alikuwa anasukuma unga.

"Baba Jagna, umeleta nini?"

"Mistari."

"Naiona. Na mimi nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Lucjan aliinua mguu aende akatoe keki. Kiatu kiligota hewani, juu kabisa ya mstari wa kwanza, kama kimegonga kioo. Akajaribu mguu wa pili. Akajaribu kinyumenyume. Halszka alivuka mara tatu, na kifimbo cha kusukumia unga mkononi, kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Kuku alivuka. Tarishi wa posta alivuka, akachukua saini zao, akavuka tena. Aliyezuiwa alikuwa Lucjan peke yake. Upande wake alibakiwa na nusu ya jikoni, stoo ya viazi na njia ya kutokea nje. Jiko, kitanda, gari na sebule vilikuwa upande wa pili.

Bi Leokadia aliingia baadaye akikokota baiskeli iliyopinda, tope limefika masikioni. Akaitazama mistari, akamtazama mkwewe.

"Imekufuata?"

"Imenifuata, mama."

"Basi ina moyo. Mimi ningekukimbia."

Siku mbili Lucjan alilala juu ya magunia ya viazi na kulishwa supu kwa upawa mrefu. Hilo halikumsumbua sana. Alikuwa amewahi kuwa jeshini. Kilichomsumbua ni Jumamosi. Kwao bibi harusi hatoki nyumbani kwenda kanisani kabla hajapiga magoti sebuleni pamoja na mchumba wake, baba na mama wakasimama bega kwa bega na kuwabariki kwa maji ya baraka. Wazazi wote wawili, sebule moja. Na sebule ilikuwa ng'ambo.

"Nitawabariki kutoka hapa," alisema Lucjan. "Nitapaza sauti."

"Baba, mimi si mbuzi wa kuitwa kutoka mbali," alisema Jagna, amesimama ng'ambo ya mstari na rola za nywele kichwani. "Usipofika sebuleni, sitoki. Wapiga kodiani watajichezea wenyewe."

Ijumaa akaja Bonifacy, msimamizi wa wachora barabara wa wilaya, na utepe wa kupimia. Alisema ofisi ilikuwa imepata taarifa kutoka kwa padri. Hakuna dereva hata mmoja aliyeripoti. Siku mbili kilima kilikuwa kimekaa kitupu, hakina hata alama, na watu walikuwa wakiendesha na kupitana vilevile. Bonifacy akapima mistari jikoni na kuikuta iko sawasawa kabisa na vipimo vya serikali.

"Nivukie wapi?" Lucjan akamwuliza.

"Unauliza kama umezaliwa leo! Unavukia panapokatika. Nyuma ya kilima, pale barabara inaponyooka na mtu anaona mbali. Kilimani penyewe hapana, rangi imeondoka lakini katazo limebaki. Kutoka hapa kilomita tatu."

"Na kurudi?"

"Kurudi pia tatu. Bado hazijapungua."

Gerwazy, ambaye alikuwa amekuja kuonja vodka ya harusi isije ikawa mbaya, akajitolea kumpeleka kwa trekta.

"Atakwenda kwa miguu," alisema Bi Leokadia. "Ukingoni. Ningemwazima baiskeli, lakini imepinda."

Kwa hiyo Jumamosi saa mbili asubuhi Lucjan alitoka amevaa suti nyeusi na ua kifuani, akafuata ukingo wa barabara. Miaka thelathini alikuwa ameutumia ukingo ule kila siku bila kujua kwamba una mashimo, na kwamba upana wake ni wa mtu mmoja aliyekonda. Kwenye mpando likaja gari likimpita mwenzake. Aliyepitwa akasogea pembeni kwa ustaarabu, na Lucjan akaingia mtaroni. Wote wawili wakamwashia taa kushukuru. Akatoka, akajikung'uta, akaingia tena. Mara ya tatu ilikuwa basi la wageni wa harusi ya bintiye mwenyewe. Walimpungia mikono na kuimba. Dereva mmoja alimwashia taa kumtahadharisha kwamba trafiki wamejificha kwenye kona, ingawa alikuwa kwa miguu.

Nyuma ya kilima mistari ilikatika, kama Bonifacy alivyosema. Kulikuwa na vipande vyeupe na nafasi katikati, na barabara ilionekana hadi kwenye mnara wa kanisa. Lucjan akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena. Akavuka. Kiatu hakikugota. Alirudi mbio kwa ukingo wa pili, na huko nako kulikuwa na mtaro.

Saa tano na nusu aliingia sebuleni. Suti ilikuwa ya kijani hadi kiunoni na mfuko wa koti ulikuwa unakoroma, kwa kuwa ndani mlikuwa na chura. Halszka akasogea kumpa nafasi begani kwake. Jagna alimtazama baba yake, akaanza kucheka hadi shela ikamlegea, akapiga magoti akiwa bado anacheka, na mchumba wake akapiga magoti kando yake. Lucjan akawabariki kwa maji, na kwa tope kidogo, na sauti ikamkatika katikati ya maneno. Chura alimalizia.

Msafara wa kwenda kanisani ulikuwa wa magari ishirini na moja, honi zikilia, maputo yakipepea. Kwenye kilima cha Zaborze magari yalipitana matatu matatu, yakishukuriana kwa taa.

Jioni, ndani ya ukumbi wa zimamoto, wageni walipiga kelele "Chungu! Chungu!", yaani vodka ni chungu, mpaka maharusi wakabusiana kuitia utamu, na keki zote tano zikaisha. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Bonifacy alisema Jumatatu ataleta lori, aikunje mistari na kuirudisha kilimani, kwa sababu ni mali ya umma. Gerwazy alisema ya nini, kilima hakijalalamika. Lucjan naye alisema wembe wake uko stoo, na hawezi kutembea kilomita sita kila anapotaka kunyoa. Wote watatu wakawa wanaongea kwa pamoja na kugonga meza, hadi Bi Leokadia akaweka bilauri yake chini.

"Kule kilimani imelala miaka ishirini, haijamzuia mtu hata mmoja," alisema. "Jikoni kwetu imekaa siku tatu, imemzuia huyu. Iacheni inapofanya kazi."