Beberu Asiye na Pembe

Nilimwinua mkia mtoto wa mbuzi kwa mara ya tatu asubuhi ile, na kwa mara ya tatu nikaona kile kile: jike mwenye kidude kisicho na kazi kwa jike. Huntha. Wa nne tangu mwaka uanze. Huntha hazai wala hakamuliwi, na mimi mjane sina tegemeo jingine ila zizi hili.

Mbaya wangu nilikwisha kumjua. Beberu aliyewazaa wote alitoka kwa shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, ambaye tangu mazishi amekuwa mwema kupita kiasi. Nilijua anataka mbuzi waishe nifungashe virago. Nikamwambia hivyo mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, mama mkwe akisikia. Hakujibu kitu. Hilo nalo nikalihesabu kuwa ushahidi.

Daktari wa mifugo alipokuja nilimshuku naye, maana nilimwona akisalimiana na shemeji njiani kwa bashasha. Mwanamke huyo hakuhangaika na mkia. Alimpapasa huntha kichwani.

"Humu zizini kuna mwenye pembe?"

"Hata mmoja. Wa mwisho nilimuuza mwaka juzi. Pembe ndiyo iliyomtoboa mwanangu jicho."

"Pole sana, dada. Lakini tatizo ndilo hilo. Kutoota pembe ni kitu cha kurithi. Jike akikirithi kwa mzazi mmoja, hana neno. Akikirithi kwa wote wawili, mwili wake unageukia udume. Sasa wewe unawapandisha wasio na pembe wenyewe kwa wenyewe. Kwani aliyekupa beberu hakukushauri?"

Nikakaa juu ya ndoo. Shemeji alikuwa ameniletea mabeberu wawili nichague. "Chukua huyu mwenye pembe, shem," alisema, "tuchanganye damu." Nami nikacheka kimoyomoyo: ananibambikia mkorofi wake, huyo! Nikamng'ang'ania yule mwingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni nikaenda kwake. Nikamweleza yote aliyosema daktari, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba yule beberu mwenye pembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumfungua.

"Yamekwisha, shem. Mchukue. Ila subiri kidogo."

Akamwita mama yake. Akawaita na majirani wawili, wakaja wakasimama uani.

"Mtazameni vizuri," akawaambia. "Anakula, anatembea, hana kidonda. Mimi simgusi tena. Kesho kutwa likitokea la kutokea, nyinyi ni mashahidi wangu."

Hakuwa na hasira hata chembe. Alininyooshea kamba akiwa ameishika nchani kabisa, vidole vyetu visije vikagusana.