Kidole cha Mzee Tik

Mkuu wa usalama kiwandani alikuwa na kidole chepesi na miguu mizito. Kila mwezi alitakiwa kuzunguka ghorofa tatu akikagua mitungi arobaini ya kuzimia moto. Yeye alizungukia kitini. Alifungua jedwali kwenye kompyuta, akabofya kisanduku cha kila mtungi, tik, tik, tik, mpaka alama za vema zikatimia arobaini, kisha akaagiza chai. Ndiyo maana wakamwita Mzee Tik.

Mtaalamu wa kompyuta, mke wa mdogo wake, alivumilia weee, mwisho akachoka. Alasiri hiyo saa tisa mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja, na safari hii alishaonya kwa barua: akikuta hata mtungi mmoja mbovu, mkuu wa usalama atafute kazi nyingine. Basi asubuhi mama huyo akaingia kwenye hifadhidata, akaifuta safu ya vema na kuweka nyingine inayojikokotoa. Mistari minne tu ya SQL, lugha ya hifadhidata: kisanduku kijitie vema chenyewe endapo tarehe ni ya leo, uzito haupungui kilo tisa, na namba iliyogongwa kitakoni mwa mtungi imeandikwa sawasawa. Alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Saa tatu simu ikalia.

"Shemeji, visanduku vyako vimegoma. Nabofya, vinanitazama tu."

"Havibofywi siku hizi. Andika uzito na namba ya kitakoni, vitajijaza."

"Kitakoni? Si mpaka niuinue?"

"Ndiyo hivyo, shemeji. Mizani iko stoo. Pole na kazi."

Mzee Tik akazilaani kompyuta zote duniani, akaenda. Mezani kwake, mama alitazama vema zikichomoza moja moja, akashangilia kama yuko uwanjani. Ilipofika saa nane na nusu zilikuwa thelathini na tisa.

Mzee Tik akaingia, shati limemganda mgongoni. Akapita nyuma ya kiti cha shemeji yake, akauinua mtungi wa mwisho, akaupima. Kilo tatu.

"Mtupu," alisema.

Mama akageuza kiti, akautazama. Miaka miwili alikuwa amekaa hapo, na miaka miwili mtungi huo ulikuwa na vema.

Mzee Tik akainamia kibodi. Akaandika namba ya kitakoni, kisha kidole kikasimama juu ya tisa. Fomula isingejua, ingeamini lolote litakaloandikwa. Mama alilijua hilo. Alimpenda shemeji yake, alitaka abaki kazini, na akaona aibu kwamba hasemi neno.

"Hapa hukuniwekea mtego?"

"Sikuweza, shemeji."

Akaandika tatu. Kisanduku kikabaki cheupe. Akaenda kuuchukua mtungi mzima wa ofisini kwake, akausimamisha nyuma ya kiti cha mama, akashuka ngazi kumpokea mkaguzi, ule mtupu ameukumbatia kifuani.