Nguzo ya Shiozaki

Kuramochi alikuwa amemchoka Shiozaki tangu siku walipoanza kuzivisha chuma nguzo za barabara ya juu pale Shizuoka, Japani. Kijana wa juzi tu, lakini msimamizi humwita yeye kwanza, mpishi wa kambini humwongezea supu ya miso, na sasa watu walisema ndiye atakayepewa unyapara wa daraja linalofuata. Unyapara huo Kuramochi alikuwa ameshanyimwa mara mbili.

Kila mmoja alikuwa na nguzo yake. Walizizungushia bamba la chuma, kisha wakasukuma uji wa saruji kati ya chuma na zege mpaka utokeze kwenye tundu la juu, ili tetemeko likija nguzo isipasuke. Siku ya kujaza, macho ya Kuramochi yalikuwa kwa jirani. Alimwona Shiozaki akicheka na msimamizi, roho ikamchoma, akaamuru pampu izimwe bila hata kulitazama tundu lake.

Kesho yake, kama ilivyo desturi, kila mtu aligonga nguzo ya mwenzake kwa nyundo. Panaposikika patupu, panatajwa. Pakiwa pazima, unanyoosha kidole na kutamka kwa sauti kwamba ni salama, wote wasikie.

Kuramochi aligonga kila mahali, akarudia. Aliomba apate uwazi, hata wa kuingia yai. Chuma kikajibu kizito, chini hadi juu. Ikabidi anyooshe kidole.

"Salama."

"Sauti, kaka," mafundi wakamtania. "Au umemeza nyundo?"

Akarudia kwa sauti. Neno lilimtoka kama jino.

Ikafika zamu ya Shiozaki. Karibu na kilele cha nguzo ya Kuramochi, nyundo ikalia kama debe. Wote wawili, peke yao kule juu ya jukwaa, walisikia. Shiozaki akamwinamia.

"Kaka, mchana wengine wakienda kula tutapajaza, mimi na wewe. Hakuna haja ya kutaja."

Kuramochi angekubali, huenda unyapara ungekuwa wake. Lakini alijiona akimwamkia kijana huyu kila asubuhi, naye anajua.

"Hata kwa wema unataka unishinde?" alisema. Akanyoosha kidole kwenye nguzo yake mwenyewe. "Patupu hapa!" Safari hii hakuna aliyemwambia apaze sauti.

Msimamizi akaanza kupanda ngazi. Shiozaki alikuwa ameshashuka kuleta mashine ya kutobolea tundu la kujazia saruji, bila kutumwa. Kuramochi akautazama mgongo wake, akamchukia upya.