Hajambo

...na alijibu "hajambo", hivyo hivyo, kama mtu anayepangusa vumbi mezani, fundi wa maabara kamuuliza tu mlangoni, "Mwalimu, mama hajambo?", naye akasema hajambo, tena akaongeza anakusalimu, anakusalimu!, na robo saa imepita tangu shangazi apige simu kusema mama ametutoka, na sasa kalamu iko mkononi, ubaoni masanduku manne aliyoyachora mwenyewe, viini vinne vya kompyuta moja, kila kimoja na kache yake, droo yake ya karibu, humo kimejiwekea nakala ya namba ileile, saba, kisihangaike kwenda kumbukumbu kuu kila mara, na kiini cha kwanza kimeshabadilisha saba kuwa sifuri bila kuwaambia wenzake... mbona alichagua sifuri, angeandika hata tisa... na msichana wa mstari wa mbele, yule wanayemwita Kiherehere, mkono juu, "Mwalimu, sasa hiki cha tatu kitajuaje kwamba saba yake imepitwa na wakati?", hakijui, bibi wee, kinasoma saba yake kwa raha zake, wala hakidanganyi, ndicho kinachoudhi... kilio hakuna, amejipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo, hakuna, miguu tu ya baridi, na shangazi alivyosema, "Mdogo wako mwambie wewe, mwanangu, yeye hukusikiliza wewe tu," kwa sauti ya kugawa kazi za jikoni, na mdogo wake huyo, mbali huko, dakika tano zilizopita katuma ujumbe wa sauti, anacheka, "Dada, muulize mama, kiatu chake ni thelathini na nane au na tisa? Niko dukani, muuzaji kanikodolea macho," thelathini na nane, dada anajua, angejibu tu, akanunue, atoke anapiga mluzi, kwake mama bado ana miguu... na robo saa nzima, anaona sasa, amekuwa akiilinda droo ile ya mdogo wake, si kwa huruma, huruma gani, ni kwamba ndiyo nakala pekee iliyobaki nzima, ikifutwa hiyo hakuna tena pa kwenda kusoma saba... "Mwalimu?"... na miaka tisa amekuwa akiwaambia kwa madaha kwamba anayetaka kuandika hutangulia kutuma ujumbe, futeni nakala zenu, husubiri wote waitikie ndipo aandike, adabu ya mashine hiyo, wanafunzi hucheka hapo, kumbe ndiyo maana ndani yake hakujaandikwa kitu, bado mmoja hajaitikia, hajaitikia kwa sababu hajaambiwa, hajaambiwa kwa sababu ya nani... "Au swali halijaeleweka, Mwalimu?", limeeleweka, mkono wa msichana bado uko juu, kalamu bado haina kifuniko, saba bado ziko tatu ubaoni, na akimpigia, mdogo wake atapokea kwa mlio wa kwanza, atasema shikamoo dada, halafu kama kawaida yake, kabla hajavuta pumzi, mama hajambo?, na safari hii itabidi asikimbilie kujibu hajambo