Moto Ulioitwa Segedi

Alhamisi moja ya mwezi wa sita mwaka 2004, saa tisa alasiri, Dorotea aliinjika sufuria ya maji ya ugali, akaketi kwenye kibao kuchambua mnavu. Alipomaliza mboga maji yalikuwa bado baridi. Akachochea kuni. Ziliwaka vizuri, miali ikapanda mpaka kwenye masizi ya sufuria, lakini alipotumbukiza kidole alikuta maji ni yaleyale ya mtungini. Akaweka kiganja juu ya moto wenyewe. Haukuwa na joto.

Bibi Mwamina wa nyumba ya pili alikuwa amekuja kuomba kaa. Aliliokota kwa vidole, akaligeuzageuza kama kiazi, akalirudisha mafigani.

"Moto wako umeitwa," alisema.

"Umeitwa na nani, bibi?"

"Ngoma za baba yako ziko wapi leo?"

Ngoma za baba yake, mzee Selestini, zilikuwa Segedi, mji wa kule Hungaria wenye mto katikati, ambao kila mwaka huita watu wa nchi mbalimbali waje kupiga na kucheza uwanjani mbele ya kanisa kubwa. Barua ya mwaliko ilifika kijijini kwao Kilimarondo mwezi wa pili. Ilitaka watu kumi na wawili, bila kumhesabu mratibu. Kikundi cha mzee kilikuwa na watu kumi na wawili kamili: wapigaji wanne, wachezaji saba, na Dorotea.

Dorotea hakupiga wala hakucheza. Tangu amalize darasa la saba, kazi yake ilikuwa kupasha ngoma. Alikata nyasi zinazowaka upesi bila moshi mwingi, akazichanganya na majani makavu ya mikorosho, akageuza kila ngoma mbele ya moto huku akiigonga kwa kifundo cha kidole, mpaka ngozi iache kusema *bu* na ianze kusema *ti*. Ikizidi kidogo inapasuka. Ikipungua kidogo, mzee Selestini alikuwa akisema, unapiga gunia. Kwa miaka minane hakuna ngozi iliyopasuka mikononi mwa Dorotea.

Mratibu wa safari, bwana mmoja aitwaye Lukumani aliyekuja kwa pikipiki kutoka Nachingwea mjini, aliandika majina kumi na moja, kisha akaandika Doreen. Doreen alikuwa shemeji yake. Alipewa ungo mpya azunguke nao katikati ya wachezaji.

"Na huyu wangu?" mzee Selestini aliuliza.

"Mzee wangu, mpigaji anaonekana. Mchezaji anaonekana. Mpasha ngoma anakaa nyuma, na nyuma hakupigwi picha."

"Ngoma zitapashwa na nani?"

"Kule kuna mashine za kukaushia nywele. Unachomeka ukutani, dakika mbili tu, ngoma tayari."

Dorotea alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani. Alikuwa tayari ameshapiga picha ya pasi ya kusafiria, Nachingwea mjini, kwa gauni la kuazima. Aliingia ndani, akaimimina ndoo ndani ya mtungi, akasema mtungi umejaa.

Ndiyo maana Alhamisi ile bibi Mwamina hakuhitaji kueleza zaidi. Dorotea alifunika mboga kwa sinia, akaenda bandani kuchukua nyasi. Hakuwa ameacha kuzikata. Mkono ulikuwa umezoea. Akaziwasha pale pale zilipopashwa ngoma siku zote, chini ya ukingo wa paa, akapiga goti, akanyoosha mikono.

Mikono ilikuta uzito. Hakuona kitu, lakini uzito aliujua: ilikuwa ngoma kubwa, ile yenye ufa mguuni ulioshonwa kwa waya. Ngozi yake ilikuwa imelegea kama sikio la mbuzi mgonjwa.

"Wameilaza kwenye unyevu," Dorotea alisema.

"Watu wa pikipiki hao," alijibu bibi Mwamina, akavuta kibao akae.

Dorotea aliigeuza taratibu. Akaigonga. *Bu*. Akaongeza majani ya mikorosho, akageuza tena. *Bu*. Kisha *ti*. Akaiweka chini, akapokea ya pili, halafu ya tatu, halafu ya nne. Aliyoipokea mwisho ilikuwa ya baba yake, nayo akaishika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitaji. Ilipomtoka mikononi, pale uani kuku wakaendelea kuparua.

Baadaye majivu yakaanza kutoa wadudu. Walikuwa wa manjano, wana mikia mirefu miwili miwili kama nyuzi, wanaruka kama kumbikumbi, ingawa kumbikumbi si wa mwezi wa sita. Kuku wakala wakashiba. Wachache walitua mkononi mwa Dorotea, wakapumzika, wakafa kabla jua halijazama.

Jua lilipokuwa likishuka moto ulipiga makofi. Nyasi zilialika *pa-pa-pa*, zikanyamaza, zikaalika tena. Bibi Mwamina alihesabu kwa vidole. Mara kumi na tatu. Ya kumi na tatu ilikawia kwisha.

Ndipo maji ya ugali yakachemka.

Mzee Selestini alirudi baada ya siku kumi, akiwa na kifungu cha pilipili nyekundu zilizotungwa kwenye uzi. Alikula kwanza. Kisha akasimulia.

"Zile mashine ziliungua mbili. Taa za nyumba nzima ya wageni zikazimika. Lukumani anatoka jasho, anapepea ngoma kwa kofia! Zamu yetu imefika, mara nasikia ngoma inapata moto mapajani kwangu. Nikajua ni wewe. Mkono wako naujua, unaanzia pembeni. Tukapiga, na wadudu wa manjano wa mto wao wanaruka juu ya ngoma."

"Mlipeleka ngozi kwenye maji, baba."

"Zilisafiri chini ya ndege, mama. Baridi tupu." Akanywa maji. "Tulipomaliza, mtangazaji akataka majina. Nikamwambia mkalimani, andika kumi na tatu. Yetu sote aliyavunjavunja, mimi kaniita Selesini. La kwako akalitamka kama la mwanawe. Kumbe kule nako wana akina Dorotea. Watu wakapiga makofi sana."

"Tulisikia," Dorotea alisema, akaondoa vyombo.

Mwaliko wa mwaka uliofuata ulifika mapema. Lukumani alikuja na fomu, akaketi kwenye kiti, akamsifu Dorotea mbele ya kikundi chote.

"Binti ametuokoa. Na ametuonyesha njia nzuri zaidi. Yeye abaki hapahapa apashe, sisi twende. Hahangaiki na ndege wala baridi."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa na maana.

"Mwandike," alisema mzee Selestini.

"Nimwandike wapi, mzee? Fomu ina mistari kumi na miwili."

Doreen aliandikwa wa kumi na mbili. Dorotea aliambiwa tarehe na saa, akaombwa asichelewe.

Siku ilipofika hakuinjika maji. Alikata nyasi asubuhi, akazianika, akaoga. Sare za kikundi zilikuwa kumi na mbili, za kitenge chekundu chenye majani meupe. Ya kumi na tatu alikuwa ameishona mwenyewe, kwa mkono, kutokana na vipande alivyobakiza fundi. Ilikuwa na viungo vingi lakini ilimkaa vizuri. Aliivaa, akapiga goti nyuma ya moto.

Kuku walikuwa wameshakusanyika wanasubiri. Bibi Mwamina alikuja na kibao chake.

"Wameanza?"

Dorotea alinyoosha mikono juu ya miali, akapokea uzito wa ngoma kubwa, akaigonga mara moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bado, bibi. Wananingoja mimi."