Wiki ya Dabaso

Vipele vya kwanza vilimtoka Kadii akiwa juu ya mbuzi, akikuna nazi ya mbaazi za kuuza. Vilianzia kiganjani vikapanda hadi begani, vidogo, vimejipanga mistari. Akadhani ni joto. Binti yake Mapenzi, aliyepofuka kwa surua angali mdogo, aliunyoosha mkono apokee kifuu, akaugusa mkono wa mamake, vidole vikasita.

"Mama, umeandikwa," alisema.

Akamsomea: mzunguko wa damu, vyumba vinne vya moyo. Ndiyo aliyoyaandika mwalimu wake ubaoni siku ile.

Kusoma nukta, maandishi ya kupapasa kwa vidole, Mapenzi alijifunzia shule ya bweni ya wasioona. Kisha serikali ikasema watoto wote wasome pamoja, karibu na kwao, akarudishwa Gede. Mashine yake ya nukta na vitabu vingemfuata. Mpaka akaingia gredi ya tisa, vilikuwa bado viko njiani. Alikuwa akikaa darasani akiisikiliza chaki ikikwaruza ubao, asijue inasema nini.

Basi Kadii akawa kila asubuhi, akishauza mahamri yake, anakwenda shule na kuketi mbele ya binti yake, leso kaifunga kifuani, mgongo wazi, maana vipele vilikwisha kuenea huko. Mwalimu akiandika, mgongo unaumuka. Akifuta, unalainika. Wanafunzi walizoea upesi. Easter, jirani aliyeuza naye mahamri, alimtania.

"Wewe siku hizi unasomwa kuliko gazeti. Angalia wasije wakakufungia maandazi."

Mapenzi akaanza kuongoza darasa. Akawa anazungumzia shule ya upili kama mtu anayezungumzia nyumba aliyokwisha kupewa ufunguo wake.

Muhula wa pili akaja Bwana Ndirangu kutoka ofisi ya elimu, kukagua shule zinazostahili fungu la vifaa vya wanafunzi walemavu. Akautazama mgongo wa Kadii, akaugusa kwa ncha ya kalamu, akaridhika.

"Sasa shida iko wapi?" alimwuliza mwalimu mkuu. "Mtoto ako na kifaa."

Mwalimu mkuu akajaribu kueleza kwamba yule ni mzazi. Ndirangu akamjibu kwa upole kuwa fungu lenyewe ni dogo na shule zisizo na kitu ni nyingi. Shule ile ikaondolewa kwenye orodha. Kadii akaandikwa namba ya serikali nyuma ya shingo kwa wino mweusi, kama yanavyoandikwa madawati. Na kwa kuwa mali ya umma haifai kukaliwa na shule moja, akapangiwa kuzunguka: wiki hii Gede, wiki ijayo Dabaso, ambako kulikuwa na msichana asiyeona aitwaye Sumeiya.

Wiki za Dabaso, Mapenzi alirudi kusikiliza chaki.

Mtihani wa gredi ya tisa ukaangukia wiki ya Dabaso. Karatasi za nukta hazikuletwa kokote, maana kifaa kipo, na wasimamizi walikatazwa kumsomea mtahiniwa. Kadii akaenda ofisini kuomba wiki zibadilishwe. Akakaribishwa kiti, akaambiwa ratiba imeshapitishwa, kuigusa sasa ni mambo ya Nairobi.

Asubuhi ya mtihani akaamua kukaidi. Akaketi mbele ya binti yake, mgongo wazi, bahasha ikafunguliwa. Mapenzi akapapasa kuanzia shingoni hadi ilipoanzia leso. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga.

"Hakuna kitu, mama."

"Tafuta vizuri, mwanangu."

Akatafuta tena, polepole, mpaka kwapani. Nje, bodaboda iliyotumwa kutoka Dabaso ilikuwa imesimama, injini inanguruma. Mapenzi akaipandisha leso ya mamake mabegani, akamfunga fundo.

"Nenda. Sumeiya naye anangoja."

Kisha akaiweka mikono yake juu ya dawati.

Kadii akapanda bodaboda. Kabla hajafika langoni pa shule ya Dabaso, ngozi ilikwisha kumwumuka. Akaingia, akasalimia, akaketi, akaishusha leso. Vidole vya Sumeiya vilikuwa baridi. Vikalipita swali la kwanza, vikarudi mwanzo, vikalipita tena, ndipo akamnong'onezea msimamizi jibu. Kadii akakaa wima, mistari isije ikapinda.